Akiba Iliyosimama Wima: Misitu, Hewa Ukaa na Mitaa ya Eastlands

Utangulizi

Misitu inapotajwa nchini Kenya, aghalabu fikira za msikilizaji huelekea Mau, Mlima Kenya, Nyandarua au Kakamega. Mkazi wa Nairobi huenda akaongeza Karura na Ngong Road. Ni nadra mtu kuwaza Kayole, Dandora, Jericho, Umoja au Shauri Moyo. Hali hii haishangazi. Walioupanga mji wa Nairobi katika enzi za ukoloni walijitengea nyanda za juu za magharibi na kaskazini, kwenye kivuli na udongo mwekundu, nao Waafrika wakatengewa upande wa mashariki, kwenye uwanda wa udongo mweusi mzito, karibu na reli na viwanda. Tofauti hiyo ya kivuli ipo hadi leo, na yeyote aliyewahi kupanda matatu adhuhuri kutoka upande mmoja wa jiji hadi mwingine ameihisi mwilini.

Hata hivyo, si kweli kwamba Eastlands haina uhusiano na misitu. Uhusiano huo upo, na hupitia katika jiko la makaa, katika moshi wa magari, na katika mito inayofurika kando ya nyumba za watu. Makala haya yanalenga kueleza, kwa lugha yetu ya Kiswahili, namna msitu unavyohifadhi ukaa, namna unavyosaidia kupunguza kasi ya mabadiliko ya tabianchi, na mipaka ya msaada huo. Hoja yetu kuu ni kwamba msitu ni akiba. Thamani ya akiba haipimwi siku ya kuiweka, bali hupimwa kwa muda ambao imekaa bila kuguswa.

Uzito wa Mti Hutoka Wapi?

Tuanze na swali jepesi. Gogo la mti mkubwa huweza kuwashinda watu wanne kulibeba. Uzito huo wote umetoka wapi? Wengi wetu tungejibu kwamba umetoka udongoni, kwa kuwa mizizi imo humo.

Jan Baptist van Helmont, daktari aliyeishi katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji, alilijaribu swali hili. Taarifa ya jaribio lake ilichapishwa mwaka 1648, baada ya kifo chake. Alichukua takriban kilo 90 za udongo mkavu, akautia katika chombo kikubwa, kisha akapanda humo mche wa mwerebi wenye uzito wa kilo 2 hivi. Kwa muda wa miaka 5 hakuutilia chochote ila maji. Alipoung'oa na kuupima, mti ulikuwa umefikia zaidi ya kilo 70, ilhali udongo ulikuwa umepungua kwa gramu chache tu, zisizofika hata 100. Van Helmont akahitimisha kwamba mti ule ulikuwa umetengenezwa kwa maji matupu. Hapo ndipo alipopotoka. Watafiti wa karne ya 18 na ya 19 walikuja kuthibitisha kwamba sehemu kubwa ya uzito wa mti mkavu hutoka mahali ambapo hakupashuku: hewani.

Jani lina vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Kupitia vitundu hivyo, hewa ukaa huingia ndani. Kila chembe ya hewa hiyo imeundwa kwa atomi moja ya ukaa na atomi mbili za oksijeni. Ndani ya jani mna umbijani, yaani ile dutu inayolipa jani rangi ya kijani. Umbijani hunasa nguvu za mwangaza wa jua, na nguvu hizo hutumika kuunganisha hewa ukaa na maji yaliyopandishwa na mizizi ili kuunda sukari. Oksijeni inayobaki hurudishwa hewani. Wataalamu wa istilahi wameuita mchakato huu usanisinuru. Sukari hiyo ndiyo mti unayotumia kujijenga: shina, matawi, magome na mizizi. Kwa hivyo, mtu anapoligusa shina la mti, anagusa hewa iliyogeuzwa kuwa kitu kigumu.

Wapenzi wa lugha watafurahia kutambua kwamba istilahi yenyewe inatusaidia kuelewa. Neno "ukaa" limejengwa kutokana na "kaa", lile kaa la moto, ambalo wingi wake ni makaa. Makaa tunayonunua kwa mkebe pale mtaani ni ukaa wa mti, uliobaki baada ya maji na vitu vingine kufukuzwa na moto. Anayeuza makaa anauza kile mti ulichokusanya kutoka hewani kwa miaka mingi.

Ghala na Wenye Kuingia na Kutoka

Kwa nini tujali hewa ukaa inakokaa? Hewa hii hupitisha mwangaza wa jua lakini huzuia joto la ardhi lisitoroke kwa urahisi kuelekea angani, mithili ya blanketi. Bila blanketi hilo, dunia ingekuwa baridi kupita kiasi. Tatizo ni unene wake. Kabla ya enzi za viwanda, katika kila sehemu milioni moja za hewa, takriban 280 zilikuwa za hewa ukaa. Leo zimepita 420. Ongezeko hilo limetokana hasa na kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, pamoja na kufyeka misitu.

Si hewa ukaa yote tunayoitoa inayobaki angani. Takriban robo humezwa na bahari, na kiasi kinachokaribia theluthi moja huchukuliwa na mimea na udongo wa nchi kavu, misitu ikiwa mstari wa mbele. Hii ina maana kwamba lau misitu isingekuwepo, blanketi lingenenepa kwa kasi zaidi kuliko ilivyo sasa. Ndiyo maana tunasema misitu hupunguza kasi ya mabadiliko ya tabianchi. Hatusemi kwamba huyakomesha.

Ghala la ukaa msituni lina vyumba vingi. Kuna mbao hai za shina na matawi, kuna mizizi, kuna majani yaliyoanguka na magogo yanayooza, na kuna udongo wenyewe. Mti ukifa na kuoza, au ukichomwa, ukaa wake huungana tena na oksijeni na kurudi hewani. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini akiba hii huoza. Msitu hubaki kuwa ghala kwa sababu miti mingine huota pale ile ya awali ilipoanguka, na hivyo kinachotoka kinafidiwa na kinachoingia. Ukifyeka msitu na kuacha ardhi tupu, umefungua mlango wa kutokea na kuufunga wa kuingilia.

Yafaa pia kutofautisha mambo mawili ambayo huchanganywa: kasi ya kufyonza na ukubwa wa akiba. Mti mchanga unaokua haraka, kama vile mkalitusi, huweza kufyonza hewa ukaa kwa kasi. Lakini mti mkubwa uliokomaa ndio wenye akiba. Anayekata mti wa miaka 60 na kupanda miche 10 mahali pake hajalipa deni lake, bali ametoa ahadi ya kulilipa, na ahadi hiyo itategemea iwapo miche hiyo itaishi.

Hesabu Isiyopendeza

Maneno matupu hayatoshi. Natupige hesabu ndogo. Takriban nusu ya uzito wa mti mkavu ni ukaa. Tuchukue mti wa mtaani ambao, ukikaushwa kabisa, una uzito wa kilo 600. Mti huo umehifadhi karibu kilo 300 za ukaa. Kila kilo 1 ya ukaa ikiungana na oksijeni hutoa takriban kilo 3.67 za hewa ukaa. Kwa hivyo mti wetu umeondoa hewani kilo 1,100 hivi za hewa ukaa katika maisha yake yote.

Sasa tutazame upande wa pili. Lita 1 ya dizeli ikichomwa hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa. Tuseme matatu moja inayosafirisha abiria kati ya Kayole na katikati ya jiji inatumia lita 30 kwa siku. Itatoa kilo 81 kila siku. Kazi ambayo mti wetu umeifanya kwa miongo kadhaa itafutwa na matatu hiyo moja kwa muda usiozidi wiki mbili.

Hesabu hii haikusudiwi kumlaumu dereva wala abiria. Mkazi wa Kayole anayebanwa ndani ya matatu pamoja na wenzake wengi huchangia uchafuzi mdogo mno akilinganishwa na mwenye gari la peke yake, sembuse na raia wa kawaida wa nchi zilizoendelea kiviwanda. Kusudi letu ni kuonyesha kwamba haiwezekani kupanda miti ya kutosha kuficha moshi wote wa dunia. Yeyote anayetuambia kwamba tunaweza kuendelea kuchoma mafuta tupendavyo mradi tupande miti anatuuzia mbuzi ndani ya gunia. Misitu hutupa muda, na muda huo una faida iwapo tu tutautumia kupunguza moshi wenyewe.

Msitu Ndani ya Jiko

Ikiwa hesabu ya kupanda ni ndogo, hesabu ya kuacha kukata ni kubwa zaidi, na hapa ndipo Eastlands inapoingia.

Uhusiano wa mitaa hii na kuni ni wa tangu zamani. Mikalitusi ililetwa Kenya mwaka 1902 ili itoe kuni za kuendeshea garimoshi, na ni reli hiyohiyo iliyozaa mitaa ya wafanyakazi kama vile Muthurwa na Makongeni. Garimoshi liliacha kuni zamani, lakini jiko halijaacha makaa. Licha ya kuenea kwa mitungi ya gesi, nyumba nyingi bado huchemshia githeri na maharagwe kwenye makaa, na wachoma mahindi na nyama hawana mbadala wa haraka.

Sehemu kubwa ya makaa hayo hutoka katika nchi kame, katika kaunti kama Kitui, Kajiado na Narok, ambako migunga hukua polepole kwa sababu mvua ni haba. Katika tanuri la kienyeji la udongo, kilo 1 ya makaa huhitaji kati ya kilo 5 na 10 za kuni, kwa kuwa sehemu kubwa hupotea kwa moshi. Familia inayotumia kilo 1 ya makaa kwa siku, hata tukichukua kilo 6 tu za kuni kwa kila kilo ya makaa, itakuwa imetumia zaidi ya kilo 2,100 za kuni kwa mwaka. Hiyo ni zaidi ya mitatu ya ile miti yetu ya kilo 600. Kuni zikivunwa kwa kiasi ambacho msitu unaweza kukirudisha, ukaa huzunguka tu baina ya hewa na mti. Zikivunwa kupita kiasi hicho, ghala hupungua mwaka baada ya mwaka.

Serikali zimejaribu kuzuia kwa amri. Mwaka 2018 kaunti ya Kitui ilipiga marufuku biashara ya makaa, na mwezi Februari mwaka huohuo serikali kuu ikasimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii. Bei ya makaa ilipanda Nairobi, na mzigo ukamwangukia mama wa Mathare na Korogocho ambaye hakuwa na pesa za mtungi wa gesi. Mnamo Julai 2023 serikali ilitangaza kuiondoa marufuku ya ukataji. Funzo ni bayana: amri inayomzuia mkata mti bila kumpa mpishi njia nyingine haiwezi kudumu.

Njia nyingine moja ilibuniwa papa hapa Eastlands. Mapema katika miaka ya 1980, mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo walianza kutengeneza jiko jipya, ambalo wazo lake lilitokana kwa sehemu na majiko ya Thailand. Nje lina bati lililobanwa kiunoni, na ndani lina udongo uliofinyangwa na kuchomwa ili uzuie joto lisipotee. Jiko hilo huokoa karibu theluthi moja ya makaa, na pengine zaidi, likilinganishwa na jiko la bati tupu. Kwa ile familia yetu ya mfano, theluthi moja ni sawa na kuuacha mti mmoja mzima umesimama kila mwaka. Leo jiko hili linatumika kote nchini na limeigwa katika nchi nyingi za Afrika. Nyundo za Shauri Moyo na Kamukunji, zinazowakera wapita njia kwa kelele, zimehifadhi ukaa ambao sherehe nyingi za upanzi wa miti hazijaufikia.

Makongeni Mbili

Kenya ina Makongeni zaidi ya moja. Kuna ile ya Nairobi, na kuna kijiji cha Makongeni katika kaunti ya Kwale, jirani na Gazi, kusini mwa Mombasa. Wakazi wa Gazi na Makongeni ya Kwale walianzisha mradi uitwao Mikoko Pamoja, ambao tangu mwaka 2013 umekuwa ukiuza hati za ukaa kwa kutunza hekta 117 za mikoko. Kipimo chake ni takriban tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka. Mapato yametumika kuwaletea wanakijiji maji na kuboresha shule.

Mikoko ina siri yake. Matope inamoota hayana oksijeni ya kutosha, kwa hivyo majani na mizizi iliyokufa huoza polepole mno. Ukaa hulimbikizana chini ya ardhi kwa karne nyingi, na ndiyo maana eneo la mikoko huweza kuhifadhi ukaa mwingi kuliko msitu wa bara wa ukubwa uleule.

Biashara hii ina wakosoaji, na hoja yao ina uzito: mnunuzi wa hati huweza kuendelea kuchafua huku akijivunia mikoko ya watu wengine. Isitoshe, jamii zinaweza kupunjwa. Sheria ya mabadiliko ya tabianchi ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2023, iliweka sharti kwamba miradi ya ukaa ya ardhini itoe angalau asilimia 40 ya mapato kwa jamii husika. Pamoja na kasoro zake, mradi wa Gazi unatufunza jambo moja: malipo hutolewa kwa mikoko iliyosimama na kupimwa, si kwa idadi ya miche iliyochomekwa matopeni siku ya picha.

Miti Saba ya Kamukunji

Fikira hiyo si ngeni Eastlands. Tarehe 5 Juni 1977, Wangari Maathai na wanawake wenzake waliandamana hadi uwanja wa Kamukunji wakapanda miti 7, kila mmoja kwa heshima ya shujaa wa jamii mojawapo ya Kenya. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa Vuguvugu la Ukanda wa Kijani, ambalo limepanda mamilioni ya miti nchini na ambalo lilichangia mwanzilishi wake kutuzwa Nobeli ya Amani mwaka 2004. Mingi ya miti ile saba haikudumu. Vuguvugu lilijifunza, na likawa linawalipa wanawake wa vijijini kitu kidogo kwa kila mche ulioshika na kuishi. Mche uliokufa haukulipiwa.

Busara hiyo inahitajika sasa. Mnamo Desemba 2022 serikali ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ikatangaza siku nzima ya mapumziko kwa ajili ya upanzi. Nia ni njema. Lakini huku miche ikipandwa, baadhi ya mitaa ya zamani ya Eastlands imo katika mipango ya kubomolewa ili maghorofa yajengwe. Kaloleni, kwa mfano, ilijengwa katika miaka ya 1940 kwa kuiga miji-bustani ya Uingereza, nyumba zikiachiwa viwanja na miti. Wakazi wanahitaji nyumba bora. Hilo halina mjadala. Swali ni iwapo mchoraji wa ramani atauona mti wa miaka 60 kuwa akiba ya kuzungukwa au kizuizi cha kung'olewa.

Faida yake si ya ukaa pekee. Hewa hubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7 kwa kila nyuzi 1 ya ongezeko la joto, na kwa hivyo mvua kubwa huweza kuwa kubwa zaidi. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliwaua watu wengi nchini, wakiwemo wakazi wa kando ya Mto Mathare, na wengine wakabomolewa nyumba zao kwa kuwa zilikuwa karibu na maji. Ukaa wa mti mmoja hauwezi kuonekana katika hesabu ya dunia. Kivuli chake juu ya paa la mabati, na mizizi yake inayoshika udongo wa ukingo wa mto, vinaonekana na anayeishi hapo.

Hitimisho

Tumeona kwamba mti hujijenga kwa hewa, kwamba msitu ni ghala lenye milango miwili, na kwamba ghala hilo haliwezi kumeza moshi wote tunaoutoa. Tumeona pia kwamba jiko bora, gesi ya bei nafuu, usafiri wa umma ulio nadhifu na mti mkongwe ulioachwa usimame ni vitu vya familia moja.

Ndugu msomaji, wanachama wengi wa vyama vyetu vya Kiswahili ni wana wa mitaa hii au wapangaji ndani yake. Tunapoalikwa kupanda miti, natuitikie mwaliko. Lakini natuulize pia maswali mawili ambayo ni magumu kuliko kushika jembe: Ni nani atakayeumwagilia mche huu mwezi wa Februari? Na ni mti gani mkubwa wa hapa mtaani ambao jina lake limo katika orodha ya kukatwa? Tukiweza kuyajibu hayo kwa Jericho, kwa Kaloleni na kwa Dandora, akiba yetu itakuwa na mlinzi.